Kabla Hujaomba Kompresa Mpya

Wadogo zangu mnaoanza kazi viwandani, nimeletewa tena pendekezo la kuboresha mfumo wa hewa iliyobanwa, ile ambayo kompresa huisukuma kwenye mabomba kuendesha mashine. Vibao vya mashine, vinavyotaja hewa ambayo kila moja inahitaji, vimenakiliwa, lita zikajumlishwa, juu yake asilimia 20 ya tahadhari, na chini bei ya kompresa. Mnajituma, naona. Lakini jedwali hilo lirudisheni. Mashine zote hazivuti hewa kwa mpigo mmoja, na hakuna kibao kinachotaja hewa inayovuja.

1. Pimeni kwanza. Fungeni data loga (kifaa kinachorekodi vipimo chenyewe) ya presha na ya ampia wiki nzima, pamoja na siku ambayo uzalishaji umelala. Kompresa ikiendelea kuingia mzigoni, yaani kusukuma hewa, siku hiyo, inalisha mivujo. Tundu la milimita 3 kwenye presha ya bar 7 hupoteza karibu lita 10 kwa sekunde, na kiwanda kisichofuatilia mivujo hupoteza kirahisi asilimia 20 hadi 30 ya hewa yake. Zibeni, kisha pimeni upya.

2. Presha ikishuka, msikimbilie kusema kompresa ni ndogo. Hapa nitakaa, maana kosa hili ni langu. Kwenye kiwanda kimoja cha vinywaji Dar es Salaam, mashine ya kujaza chupa ilikuwa ikisimama usiku kwa presha ndogo. Nilijumlisha vibao kama nyinyi, nikaomba kompresa ya pili, ya kilowati 75. Uongozi ukaniamini, fedha zikatoka. Ilipowashwa, geji ya chumba cha kompresa ilitulia kwenye bar 8, na mashine ya kujaza ikaendelea kusimama vilevile. Ile mpya muda mwingi ilizunguka bila mzigo, na kompresa ya skrubu (inayobana hewa kwa skrubu zinazozunguka) ikizunguka hivyo bado inakula robo hadi theluthi ya umeme wake.

Jibu alikuwa nalo mama mmoja mwendeshaji wa zamu ya usiku. Aliniambia, "Mwanangu, hii inasimama pale wenzetu wa upande wa pili wanapofungua hewa ya kusafishia." Alishawaeleza wakubwa wake; mimi sikuwahi kumuuliza. Tukafunga geji kabla na baada ya kila kifaa. Filta iliyoziba ilikuwa inakula zaidi ya bar 1 peke yake. Mbele yake, bomba la inchi 1 lililowekwa kwa ajili ya mashine moja lilikuwa linalisha mbili, pamoja na hozi za kusafishia. Filta mpya, bomba nene na tangi karibu na mashine vilimaliza kazi. Wakati huohuo watu wa zamu ile walikuwa wameandikiwa barua za onyo kwa uzalishaji mdogo. Nilikwenda kwa meneja nikaeleza yote, barua zikafutwa. Lakini miezi waliyofokewa bure haifutiki, na ndiyo maana nakuwa mkali mkiniletea jedwali kabla hamjashuka kuongea na waendeshaji.

3. Msitibu bomba jembamba kwa kupandisha presha. Karibu na bar 7, kila bar 1 ya ziada inaongeza umeme kwa takribani asilimia 7, na kila tundu linavujisha zaidi.

4. Kompresa ya inverta, yaani inayobadilisha kasi kufuata mahitaji, ipewe mzigo unaopanda na kushuka. Ule wa kudumu ubebwe na ya kasi moja. Tofauti kati ya hewa ya juu kabisa na ya chini kabisa inayotolewa na ya inverta isiwe ndogo kuliko hewa ya hiyo ya kasi moja, la sivyo zitavutana siku nzima.

5. Mlioko pwani, hesabuni maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa ya mita za ujazo 10 kwa dakika inameza zaidi ya lita 14 kwa saa, na karibu yote yatadondoka kabla au ndani ya draya (kikausha hewa). Nimekuta draya nzuri kabisa ikilaumiwa wakati dreni ya tangi (njia ya kutolea maji) imeziba kwa kutu, maji yakapita moja kwa moja hadi kwenye valvu za mashine. Dreni ikaguliwe kila zamu. Walioko Nairobi shida yao ni mwinuko: hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwambieni muuzaji kimo cha eneo kabla hajatoa bei.

6. Mkibadilisha bomba kuu, lizungusheni kiwandani hadi ncha zake zikutane, na kila tawi litoke juu ya bomba, si chini. Acheni matoleo yenye valvu kwa mashine zijazo, ili atakayefuata asilazimike kuzima kiwanda kizima.