Nguo Baada ya Upasuaji wa Titi: Maswali Yenu Kutoka Kigoma na Tabora

Shikamooni. Mama ametoka hospitali akiwa bado na mrija na chupa ya majimaji. Madera yake yote huvaliwa kwa kupitishia kichwani, na mkono hauinuki. Avae nini? (Binti, Ujiji)

Marahaba. Usinunue nguo mpya bado. Chukua madera mawili ya zamani, fundi ayapasue mbele kutoka shingoni hadi chini ya kitovu na kutia vifungo vikubwa. Zipu ndefu hukwaruza kidonda. Ndani, usawa wa kiuno, ashone mfuko wa chupa. Chupa ikae chini ya kidonda lakini isining'inie, kwa sababu uzito wake huvuta mrija pale uliposhonewa kwenye ngozi, na hapo panauma sana. Ukitumia pini, ipite kwenye kitanzi cha chupa, kamwe isiguse mrija. Akivaa, mkono wa upande wenye kidonda uingie kwanza. Akivua, utoke mwisho. Andikeni kila siku kiasi cha majimaji, maana hospitali nyingi hutoa mrija yakishapungua hadi kama mililita 30 kwa saa 24.

Kidonda kimepona miezi mitano sasa. Najaza vitambaa kwenye sidiria, lakini upande huo unapanda juu, na nikisujudu vinadondoka. (Mama, Tabora mjini)

Haya ni matatizo mawili, mama. Sidiria inapanda kwa sababu vitambaa havina uzito wa kuivuta chini kama titi lililobaki. Vinadondoka kwa sababu hakuna mfuko wa kuvishika.

Anza na mfuko. Kata kipande cha fulana laini ya pamba kwa umbo la kikombe cha sidiria, ukizidisha sentimita moja kila upande. Kishone ndani ya kikombe kuzunguka chini, juu na upande wa katikati ya kifua, uache mdomo upande wa kwapa. Kingo za mshono zielekee kwenye kikombe, zisiguse ngozi. Mdomo ukiwekwa juu, kitu kitatoka tena ukiinama.

Kisha tengeneza titi lenyewe. Chora kikombe kwenye karatasi, ukate kitambaa cha nyuma kwa kipimo hicho na cha mbele kikiwa kikubwa kwa sentimita 2 kuzunguka. Kusanya kingo za cha mbele kwa uzi hadi vilingane, ushone, uache nafasi ya vidole viwili. Jaza pamba ya mito. Sufi nayo ni laini, ila ikilowa jasho hushikana mabonge.

Kwa uzito, shona kifuko kidogo cha ulezi mkavu uliopepetwa, ukiweke chini kabisa, nyuma ya pamba, ili kivute kama titi linavyovuta. Anza na gramu 100, tembea nacho siku nzima, ongeza kidogo kidogo hadi mikanda yote miwili ikae sawa mabegani. Kifuko kiwe cha kutolewa, kwa sababu ulezi ukipata unyevu huota ukungu na kuingia wadudu. Ubadilishe mara kwa mara. Haya ni kwa aliyepona kama wewe. Kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo ni pamba tupu, nyepesi, na titi la bandia la silikoni nalo husubiri muda huo.

Nina harusi Kasulu. Mkono wangu huvimba jioni, na fundi anataka kushona kitenge chenye lastiki kwenye mikono. (Dada, Kigoma)

Mkatalie. Tezi za kwapani zikitolewa wakati wa upasuaji, majimaji ya mkono hukosa njia ya kurudi, na lastiki huyafungia chini yake. Akupime jioni, mkono ukiwa umevimba, mahali panene zaidi, kisha aongeze sentimita 6 hadi 8. Bangili na saa vaa mkono mwingine. Kama upasuaji umekuachia shimo kifuani karibu na kwapa, marinda yanayopita mshazari kutoka begani hulificha vizuri kuliko gauni pana, ambalo hulala kifuani na kuonyesha tofauti zaidi. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hilo halisubiri harusi.

Naanza mionzi Bugando. Nibebe nguo gani? (Urambo)

Fulana za pamba zisizobana, na khanga zilizokwisha kufuliwa mara kadhaa, maana mpya ina wanga unaokwaruza. Ngozi huweza kuwa nyeusi na kuchubuka, hasa kwenye mikunjo, na huendelea hivyo hata wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho. Ikichubuka na kulowa, acha sidiria kabisa. Usipake manukato wala poda hapo, usisugue alama za wino ulizochorwa kuonyesha mahali pa mionzi, na ukifua nguo hizo, suuza sabuni hadi iishe.

Lazima nivae titi la bandia? Mimi sitaki. (Nzega)

Si lazima, na huhitaji ruhusa ya mtu. Wenye matiti makubwa tu ndio huwa tunawaomba wafikirie, kwa kuwa uzito wa upande mmoja unaweza kuuchosha mgongo na bega. Ukiamua kuacha, mpe fundi magauni yako apunguze kitambaa cha kifuani upande huo. Yakilala sawa mwilini, utayavaa bila kujifunika mtandio kila saa.