Kinyama kinachorudi mdomoni mwa mbwa: kipate jina kwanza, kisu baadaye

Kinyama, yaani uvimbe wa nyama, kilichokatwa kwenye ufizi wa mbwa kikaota tena miezi michache baadaye, mara nyingi kilikatwa kichwa tu, mzizi ukabaki. Kukifyeka tena kwa mtindo uleule ni kumlaza mnyama kwa nusukaputi bure. Kabla ya kisu cha pili, tafuta jina la kinyama chenyewe, na jina hilo halipatikani kwa macho. Melanoma, kwa mfano, saratani ya chembe zinazotoa rangi mwilini, inajulikana kwa weusi wake, lakini ipo ya rangi ya waridi inayofanana kabisa na uvimbe usio na madhara.

Kwa hiyo chochote kinachokatwa kiende maabara. Daktari wa mifugo achukue kipande akipitia ndani ya mdomo, si kwa kutoboa ngozi ya mdomo kwa nje, maana njia ya kisu inaweza kubaki na chembe za uvimbe, na upasuaji mkubwa ukija nayo itabidi iondolewe. Tena akate kwa kina. Sehemu ya juu ya kinyama kinachouma huwa imejaa kidonda, usaha na nyama iliyokufa. Ukipeleka hiyo peke yake, majibu yatasema ni mwasho wa ufizi tu. Majibu ya namna hiyo yakija huku kinyama kinazidi kukua, usiyakubali, omba kipimo kirudiwe. Kipande kitumbukizwe kwenye fomalini ya 10%, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze, ujazo wake uwe mara 10 ya nyama. Kichupa kilichobanwa nyama tele na fomalini kidogo hufika maabara katikati pameshaoza.

Siku hiyohiyo, mbwa akiwa amelala, apigwe eksirei ya meno, maana hakuna mbwa atakayetulia na kibao cha picha mdomoni akiwa macho. Tezi za limfu za chini ya taya zivutwe chembe za kupima kwa sindano, pande zote mbili, hata kama hazijavimba.

Jina likipatikana, sababu ya kurudi huonekana. Fibroma ya ufizi, uvimbe usio saratani, huanzia kwenye nyuzi zinazoshika jino ndani ya mfupa. Ukikata kinyama ukaliacha jino, umeacha shamba na mbegu zake. Dawa ni kung'oa jino na kukwangua tundu lake. Ameloblastoma ya akanthoma, uvimbe mwingine wa ufizi, haisambai mwilini, ila inakula mfupa wa taya, hivyo huondolewa pamoja na kipande cha mfupa, kwa kawaida ikiachwa nafasi ya sentimita 1 ya nyama nzima kuizunguka. Wenye mbwa huogopa sana wakisikia neno taya. Ukweli ni kwamba mbwa wengi hurudia kula ndani ya siku chache, na sura mpya wanaizoea wao na wenye mbwa pia. Melanoma ni habari nyingine: hukimbilia tezi za limfu na mapafu, na kila wiki ya kusubiri ina gharama yake.

Fizi zikinenepa zote kwa pamoja, angalia kwanza dawa anazotumia. Saiklosporini (ya kutuliza kinga ya mwili), amlodipini (ya shinikizo la damu) na fenitoini (ya kifafa) hukuza fizi, na utakata mpaka uchoke ikiwa dawa haijabadilishwa. Usiisimamishe mwenyewe, hasa ya kifafa. Mbwa mchanga mwenye chunjua nyingi zenye sura ya koliflawa ana virusi vya papiloma, ambavyo haviambukizi watu. Nyingi hunyauka zenyewe kati ya mwezi 1 na 3. Tenga bakuli lake na la mbwa wenzake, basi. Na kama kinyama kiko shavuni, mkabala na magego, huenda anajing'ata kila anapotafuna.

Kosa la kawaida kuliko yote ni antibiotiki. Mbwa anapewa vidonge, harufu inakata, uvimbe unapungua kidogo, kila mtu anapumua. Kilichopungua ni maambukizi yaliyopanda juu ya kinyama. Baada ya wiki mbili hali inarudi palepale, na muda umeliwa.

Nyumbani, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, mwangaza wa simu ukiingia kwa ubavu, rula ikiwa kando ya shavu, kisha piga picha. Fanya hivyo kila wiki siku ileile na uandike ni jino gani na milimita ngapi. Usimpanue taya kwa nguvu. Mbwa mpole mwenye maumivu anang'ata. Loweka chakula kikavu kwa maji vuguvugu dakika 15, ficha mifupa na vitu vigumu vya kutafuna, na usipige mswaki penye kidonda. Kloheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya 0.12% isiyo na pombe inatosha kusafisha.

Usimpe dawa za maumivu za watu: ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, paracetamol inaumiza ini. Maumivu yatulizwe na dawa ya mbwa, kwa uzito wake, na daktari aambiwe kama kuna prednisoloni (dawa ya steroidi) aliyopewa karibuni, kwa sababu hiyo na dawa ya maumivu zikikutana vidonda vya tumbo haviko mbali.

Akidondosha chakula, akitafuna upande mmoja au ukiona damu kwenye bakuli la maji, usingoje siku ya kupima kwa rula.