Mchina na Mjapani wakipanga jengo moja: jibu kwa mnaotuuliza kutoka nyumbani

Ndugu zangu mlio nyumbani, swali lenu ni moja ingawa kila mtu analiuliza kivyake: Mchina na Mjapani wakipakana milango wanaishije, na hizi habari za visiwa vinavyogombewa na nchi zao, na za Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, mwisho wake nini? Wengine mnauliza kwa sababu kijana wenu ameshapata barua ya chuo na anatakiwa awe huku Japani Aprili. Nitawajibu bila kupamba, nikianzia mlangoni kwa mpangaji kabla ya kufika kwa mawaziri.

Mahali pazuri pa kutazama ni Shibazono, mtaa wa maghorofa katika mji wa Kawaguchi, mkoa wa Saitama, kaskazini ya Tokyo. Unashuka stesheni ya Warabi, unatembea dakika chache. Mtaa ulijengwa mwaka 1978 na una fleti 2,454. Wapangaji wa mwanzo walikuwa familia changa za Kijapani. Watoto wakakua wakahama, wazazi wakabaki na kuzeeka humo humo. Baadaye Wachina wakaanza kuingia, wengi wao vijana wa kazi za kompyuta wanaokwenda Tokyo kila asubuhi, na kufikia mwaka 2015 hivi wageni walikuwa wanakaribia au kupita nusu ya wakazi.

Wapo watu huku wanaosema Wachina wametumwa kuuteka mtaa. Sivyo kabisa. Kilichowaleta ni masharti ya upangaji. Ukipanga nyumba ya mtu binafsi maeneo ya Tokyo unatakiwa uwe na mdhamini, au ulipe kampuni ya udhamini ambayo mara nyingi huchukua kati ya nusu na kodi nzima ya mwezi. Juu yake kuna pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba, kwa kawaida mwezi mmoja, na hiyo hairudi. Dalali naye anaruhusiwa kuchukua hadi mwezi mmoja pamoja na ushuru. Kila baada ya miaka miwili unahuisha mkataba kwa kulipa mwezi mwingine. Na baada ya kuyakubali yote hayo, wapo wenye nyumba wanaokukataa wakishasikia jina la kigeni. Shibazono inamilikiwa na UR, shirika la umma la nyumba. Hapo hakuna mdhamini, hakuna pesa ya shukrani, hakuna dalali, hakuna ada ya kuhuisha. Unaweka dhamana ya miezi miwili na kuonyesha kipato: kwa familia inayopanga fleti ya kodi ya chini ya yeni 82,500 kwa mwezi, kipato cha mwezi kiwe angalau mara nne ya kodi. Asiye na kipato hicho anaweza kulipa kodi ya mwaka mzima mbele. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi cha muda mrefu anapimwa kwa vigezo vile vile vya mwenyeji. Mmoja akipata, anamwambia mwenzake kazini, na ngazi nzima inajaa. Hata Mtanzania angefanya hivyo, na wapo wanaofanya.

Sasa ugomvi. Wa kwanza ni taka, na hapa kijana wenu naye asikilize, kwa sababu Mwafrika akikosea anaonekana haraka kuliko Mchina. Kila mji una kalenda yake. Taka za kuchoma huchukuliwa kwa kawaida mara mbili kwa wiki, na lazima zitolewe asubuhi ya siku hiyo kabla ya saa iliyoandikwa, si usiku wa kuamkia, maana kunguru na paka watazipasua. Chupa za plastiki zinasuuzwa, kifuniko na karatasi vinaondolewa na kuwekwa upande mwingine. Maboksi yanafungwa kwa kamba. Godoro, kabati na baiskeli havitolewi hivi hivi: unaweka miadi na manispaa, unalipia, unabandika namba au stika uliyopewa. Friji, televisheni, mashine ya kufulia na kiyoyozi vina sheria yake tangu mwaka 2001, na anayetupa ndiye anayelipa gharama ya kuvichakata. Mfuko uliokosewa unabandikwa karatasi na kuachwa pale pale, majirani wote wakiutazama. Kutupa taka ovyo ni jinai: sheria inaruhusu kifungo hadi miaka 5 au faini hadi yeni milioni 10.

Mchina anayefika leo hayajui haya, na akihama kwa haraka anaacha godoro chini ya ngazi. Mjapani aliyekaa miaka arobaini anaona godoro, hamwoni mtu mmoja aliyekosea, anaona taifa zima. Hapo ndipo uhasama unapoanzia. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Baba na mama Wachina wakiwa kazini, mara nyingi bibi na babu huja kwa viza ya ziara ya siku 90 kulea mjukuu. Wazee hao hawasomi tangazo la Kijapani, na ndio wanaobaki nyumbani na taka mchana kutwa.

Ugomvi wa pili ni kelele. Maghorofa ya miaka ile hayazuii sauti kama ya siku hizi, mtoto akikimbia juu wa chini anahesabu hatua. Familia changa zinakula na kuzungumza hadi usiku, wazee wanalala mapema. Utaratibu wa huku ni kwamba hugongi mlango wa jirani kumkaripia. Unaripoti ofisi ya jengo, inabandika tangazo la jumla lisilotaja mtu, kelele zikiendelea inapeleka barua kwenye ngazi husika, mwisho inampigia mhusika. Mchina asiyejua utaratibu huu anaona tangazo ubaoni na hadhani linamhusu yeye. Mjapani naye anadhani ameshasema. Wote wawili wanakasirika bila kuzungumza hata mara moja.

Ugomvi wa tatu ndio mzito kuliko yote, nao ni kazi ya kujitolea. Kila mtaa una jumuiya ya wakazi, kitu kinachofanana na ubalozi wa nyumba kumi wa kwetu ila haina chama. Inakusanya ada ndogo, inazungusha ubao wa matangazo mlango kwa mlango, inafanya mazoezi ya tetemeko na kuandaa sherehe ya kiangazi. Kwenye sherehe ile, wazee wa Kijapani wenye miaka sabini na zaidi ndio wanaobeba meza na kusimamisha jukwaa. Wachina wanakuja na watoto, wanakula, wanafurahi, wanarudi nyumbani. Wazee wanauma meno. Malalamiko yao ni ya haki, lakini sababu si uvivu wa Mchina. Tangazo la mkutano limeandikwa Kijapani cha kiofisi na kubandikwa ubaoni, wakati Wachina wanapashana habari kwenye makundi ya WeChat, programu ya Kichina ya ujumbe wa simu. Wengi wanakaa miaka michache tu, wakishapata mtoto wa kwenda shule wananunua nyumba kwingine. Na kisheria hakuna anayelazimishwa: mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba mkazi anaweza kujitoa kwenye jumuiya ya namna hii, mradi alipe gharama za huduma za pamoja.

Palikuwa na chuki ya wazi pia, nisiwafiche. Meza za uwanjani zilichorwa matusi dhidi ya Wachina. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu waliunda kikundi cha kuunganisha pande mbili, wakawaita wakazi, wakaziba yale maandishi kwa alama za viganja vya rangi. Lilikuwa jambo zuri, ila mimi naamini kilichotuliza mtaa zaidi ni mambo yasiyopigwa picha: mkalimani wa Kichina ofisini, maelezo ya taka yenye michoro, Wachina kuingizwa kwenye uongozi wa jumuiya, na vikao vidogo vya kupika au kufundishana lugha. Leo wakazi wengi hawagombani. Je, ni marafiki? Wachache. Wengi wameshinda kero, hawajafika kwenye urafiki, na kwa mji mkubwa hayo si mafanikio madogo.

Mkifahamu hayo, siasa za juu zitaeleweka kirahisi. Mwaka 1972 nchi hizi zilirudisha uhusiano, mwaka 1978 zikatia saini mkataba wa amani na urafiki, na kuanzia 1979 Japani iliipa China mikopo na misaada ya zaidi ya yeni trilioni 3, hadi ilipoacha kuidhinisha miradi mipya mwaka 2018. China sasa ndiyo mshirika mkubwa wa biashara wa Japani. Lakini mwaka 2010, baada ya meli ya uvuvi ya China kugongana na boti za walinzi wa Japani karibu na visiwa vya Senkaku, ambavyo Wachina huviita Diaoyu, madini adimu yakakwama kuja Japani, na Wajapani wakaanza kuyatafuta kwingine. Mwaka 2012 serikali ya Japani ilinunua vitatu kati ya visiwa hivyo kutoka kwa mmiliki binafsi, maduka na viwanda vya Kijapani vikashambuliwa China. Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, China ikafunga milango kwa samaki wa Japani. Novemba 2025 Waziri Mkuu wa Japani, Takaichi, alisema bungeni kwamba China ikiishambulia Taiwan, Japani inaweza kulazimika kuingia kijeshi, na ndani ya siku chache Beijing ikawaambia raia wake wasisafiri kuja Japani.

Tazameni silaha inayotumika kila mara: watalii, samaki, madini. Inaumiza wenye hoteli na wavuvi, haimfukuzi mpangaji. Mwisho wa 2024 Wachina waliokuwa wakiishi Japani walikuwa zaidi ya 870,000. Kodi yao inalipwa, watoto wao wako shule za serikali, na Japani inayozeeka inawahitaji. Kwa hiyo mkiniuliza kama vita viko njiani kesho, nasema sioni dalili yake mtaani. Ninachokiona ni baridi inayokuja na kuondoka, na kila ikija inamfanya Mchina azungumze kwa sauti ya chini kwenye treni.

Ushindani huo mnao hata hapo Dar es Salaam. Barabara ya Nyerere inapovuka ya Mandela kuna daraja la juu la Mfugale, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2018, kwenye makutano yaliyopewa jina la TAZARA, reli waliyoijenga Wachina. Fuateni barabara ya Mandela hadi Ubungo, daraja la Kijazi lilijengwa na kampuni ya Kichina. Mombasa nako, kituo cha pili cha makontena kilijengwa kwa mkopo wa Japani, na kontena likishuka linaweza kupanda reli iliyojengwa na Wachina. Mataifa yanashindana, mzigo unapita kwa wote wawili.

Kwa kijana anayekuja: ushindani wake halisi na Mchina uko darasani. Mchina anasoma gazeti la Kijapani kwa kukisia kwa sababu herufi zake nyingi zilitoka China na anazijua tangu utotoni, wewe unaanza na zote 2,136 za matumizi ya kawaida. Anza kuzijifunza kabla ya kupanda ndege, herufi kumi kwa siku zinatosha kufika nusu ndani ya miezi minne. Viza ya masomo inaruhusu kibarua cha saa 28 kwa wiki ukiomba kibali, usizidishe, maana huhesabiwa unapohuisha viza. Wiki ya kwanza nenda ofisi ya jengo uchukue kalenda ya taka, uliza nani kiongozi wa jumuiya, lipa ile ada ndogo, na siku ya sherehe fika asubuhi meza zinapobebwa. Jirani Mjapani akianza kuwasema Wachina, au Mchina akianza kuwasema Wajapani, usichangie. Wote wawili watakuuliza kuhusu simba, hapo ongea mpaka uchoke. Na mkataba ukikaribia kwisha, piga simu ya godoro mapema, kwa sababu miadi ya mwezi Machi hujaa haraka.