Nitadumu na kazi ya farasi?

SWALI: Shangazi shkamoo, mi kijana wa Mikindani, nimezoea mbuzi tu ila nataka kazi ya kutunza farasi wa mashindano, nitaiweza miaka mingi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huko Mtwara farasi hao utatafuta kwa tochi, panda Arusha au uvuke hadi Nairobi kwenye mbio za Ngong, uanze na kuzoa mavi bila kununa. Wanaodumu ni wenye jicho, asubuhi na jioni unapapasa miguu yote kama ina joto au uvimbe, unachokoa kwato, unaangalia kama kala, kanywa, maana farasi hawezi kutapika, tumbo likimsokota anaweza kufa, hapo muamshe bosi hata saa nane usiku. Mkataba udai wa maandishi (matajiri wengine maneno matamu we!). Na jifunze kuendesha lori la farasi, utagombaniwa.