Jibu: Mama ana sukari lakini anaona vizuri, kuna haja ya kumpeleka macho?

Dada wa Kondele, eti kliniki wamemwandikia mama aende macho, nanyi mnangoja Desemba kwa kuwa anasoma Biblia bila miwani? Wacha kabisa! Hata mimi nilikuwa nasoma namba ya matatu ikiwa bado iko mbali.

Na si kwamba nilipuuza. Nilienda kwa jamaa wa miwani hapa Nakuru mjini. Akaniziba jicho kwa kile kijiko cheusi, nikasoma herufi hadi mstari wa mwisho. "Mzee, macho yako ni ya kijana." Akaniuzia miwani ya kusomea, nikarudi nyumbani nikijigamba nimepimwa. Kila nikiulizwa kliniki kama nimepima macho, najibu ndiyo, muuguzi anaandika ndiyo, tunaendelea na presha. Yule bwana hakuniuliza hata siku moja kama nina sukari! Nikipita dukani kwake hasira hunipanda, ila siku hizi simwoni sawasawa nikamtukana.

Sukari huanza kuharibu huko nyuma ya jicho, kwenye retina. Vimishipa vinavuja polepole, hakuna maumivu, na herufi unazisoma tu. Asubuhi moja nanyoa ndevu, nyuzi nyeusi zikashuka jicho la kulia kama masizi. Kumbe ni damu. Leza na sindano za jicho zilishikilia kilichobaki, kilichokwenda hakikurudi. Halafu jirani ananiambia leza ndiyo hupofusha! Hao anaowataja walifika wamechelewa, kama mimi.

Sasa shika hili: kama mama hakutiwa matone ya kupanua mboni, wala hakupigwa picha ya nyuma ya jicho, HAJAPIMWA. Kila mwaka, hata kama bado anatunga uzi kwenye sindano. Matone yanawasha kidogo, kisha ni ukungu saa kadhaa na jua linachoma. Wengi hapo ndipo wanapokata tamaa, hasa aliyekuja peke yake na boda. Nenda naye, mbebee kofia, na msipange kupitia sokoni.

Uliuliza hospitali ya macho ya Sabatia au hapo Kisumu? Popote penye matone. Habari ya SHA, ile bima ya afya, watakujibu wengine. Na akiandikiwa leza, msirudi nyumbani kwanza kuitisha kikao cha wajomba.