Unakwenda kula kiapo cha uraia Marekani? Fikiria na karatasi za watoto

Barua ya kuitwa kwenye kiapo, ile fomu N-445, wengi huisoma kutafuta tarehe na ukumbi tu. Wewe mwenye watoto, isome huku vyeti vyao vya kuzaliwa viko mezani. Kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi yako kisheria, anakuwa raia pale pale mzazi wake anapokuwa raia. Na wewe unakuwa raia ukishaapa, si siku uliyofaulu usaili wa uraia. Kwa hiyo kama kijana wako anakaribia kutimiza 18, usiombe tarehe isogezwe mbele kwa sababu ya zamu kazini, au ili shangazi apate nafasi ya kuja kushuhudia. Akitimiza 18 kabla hujaapa, njia hiyo imefungwa, itabidi aje aombe uraia mwenyewe. Hili ndilo ninalomwambia mzazi mwenzangu kwanza, hata kabla ya kumpa hongera.

Sisi tuliotoka Tanzania tuna zito jingine. Kiapo kinakutaka ukane utii kwa nchi nyingine, na nyumbani sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Wenzetu Wakenya walifunguliwa mlango huo na Katiba ya 2010. Usiwaache wanao wayasikie maneno hayo kwa mara ya kwanza ukumbini. Mimi niliwakalisha jioni ya kuamkia kiapo nikawaeleza: bibi na babu ni wale wale, Kiswahili chetu hakiendi popote, ila safari ijayo mama ataingia Tanzania kwa viza. Mdogo akauliza kama bado tutaruhusiwa kuishangilia Taifa Stars. Nikamwambia ndiyo, kwa sauti yote. Usiku ule nililia, na nadhani mzazi anayepitia hili anastahili kupewa nafasi ya kulia bila kuambiwa hana shukrani.

Siku yenyewe, wanaoapa huketi upande wao na wageni upande wao, kwa hiyo tafuta mtu mzima wa kukaa na watoto. Maswali ya kwenye N-445 yanahusu yaliyotokea tangu usaili: safari za nje, faini za barabarani, ndoa au talaka. Yajibu siku hiyo hiyo ya kiapo, kwa ukweli. Kadi yako ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, utairudisha. Za watoto ziache nyumbani, zina kazi yake baadaye. Ukipewa cheti cha uraia, kabla hujaondoka kagua jina na tarehe ya kuzaliwa herufi kwa herufi, maana karatasi za wanao zitaegemea hicho. Na usikate tiketi ya kwenda nje ya nchi mpaka pasipoti ya Marekani iwe mkononi: kadi umesharudisha.

Sasa, watoto wameshakuwa raia, lakini pale ukumbini hakuna atakayewapa karatasi yoyote. Ni juu yako kuifuata. Njia ya haraka ni pasipoti. Kwa aliye chini ya miaka 16, mtoto mwenyewe afike, na wazazi wote wawili wafike au yule asiyefika atoe idhini ya maandishi iliyothibitishwa. Beba cheti chako cha uraia, cheti chake cha kuzaliwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza kama kimeandikwa kwa Kiswahili, na ile kadi yake ya kijani.

Pasipoti ya mtoto wa umri huo huisha baada ya miaka 5. Cheti cha uraia cha mtoto, kinachoombwa kwa fomu N-600, hakiishi muda. Ada yake inauma, najua, na hakuna anayekulazimisha. Sisi tulianza na pasipoti, kisha tukaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya N-600 ya kila mtoto, ili wakishakuwa watu wazima wasihitaji kutafuta karatasi zangu kila wanapotakiwa kuthibitisha uraia wao.