Ukienda kupika na kina mama wa nyumba ya hifadhi

Ukiombwa kufundisha mapishi kwenye nyumba ya hifadhi hapa Mombasa, wanakokimbilia kina mama walioteswa majumbani kwao, ile chati ya makundi ya chakula iache kwako kwanza. Wengi wa kina mama wale wamepika tangu utotoni, na mchicha wa nazi wanaujua kukushinda. Kinachowasumbua jikoni ni kingine.

Nilikuwa na mama mmoja, pojo ikishaiva, chumvi haitii. Anaichota, anairudisha koponi, ananitazama. "Mwalimu, nitie kiasi gani?" Ukimwambia kiasi akipendacho mwenyewe, anabaki kusubiri. Siku moja, bila kuulizwa, akasema kwamba kwa mumewe chumvi ikizidi, sahani ilikuwa ikiruka. Basi mimi chungu cha mtu sikionji nikamsahihisha mbele za wenzake. Chumvi iko mezani, kila mtu ajitilie.

Mlango wa jikoni uwe wazi. Waambie mapema kinachopikwa na kitachukua muda gani, na anayetaka kutoka nje atoke bila kuomba ruhusa. Usimtokee mtu kwa nyuma akiwa ameshika kisu. Kukuna nazi wengi hukupenda: ukikaa juu ya kibao cha mbuzi, mikono ina kazi, macho yako chini, na maneno hutoka yenyewe. Usiyachokoze.

Somo la lishe lenyewe liwe fupi, tena sufuria ikiwa motoni. Pojo na kunde zina madini ya chuma, na mwili huyapokea vizuri zaidi zikiliwa na kitu chenye vitamini C, kama ndimu, kachumbari au embe bichi. Chai huyazuia, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula. Ingoje kama saa moja hivi. Kwa mjamzito, jambo hilo ni zito. Uzito wa mwili wa mtu, huo usiutaje kabisa.

Ukimkuta mtoto ameficha chapati chini ya mto, usimkaripie. Aliyewahi kulala njaa hujiwekea akiba. Ndizi ziwe mahali anapopajua, pasipofungwa.

Sokoni Kongowea waende wanaoweza. Wapo wasiotaka kuonekana mjini, na hao waandike orodha. Pesa azishike mama, si wewe. Yule wa chumvi aligeuza nyanya weee, muuzaji akaanza kununa, kisha akanunua bamia ambazo hazikuwa kwenye orodha yoyote. Bamia zikapikwa, pojo ikangoja kesho.